Mazoezi ya Kiroho katika Nyumba za Wachimbaji wa Kolwezi

Mazoezi ya kiroho ni matendo ambayo Mkristo huyarudia kwa makusudi na kwa ratiba, kama vile sala ya asubuhi na jioni, kusoma Maandiko, kufunga, kuchunguza dhamiri, kutoa sadaka na kupumzika siku ya Bwana, ili moyo uzoee kidogo kidogo yale ambayo akili imekwisha kuyakubali. Vitabu vingi vinavyoyaeleza humweka msomaji peke yake chumbani, katika ukimya, na si vibaya, kwa kuwa Injili yenyewe inaijua sala ya mlango uliofungwa. Lakini nyumba nyingi za Kolwezi hazina chumba cha ziada, na mume anayerudi kutoka zamu ya usiku humkuta mkewe amekwisha kuamka na watoto wakitafuta sare za shule. Kwa sababu hiyo mji huu wa shaba una jambo la pekee la kufundisha, maana hapa, zaidi ya miaka 70 iliyopita, watu wa kambi za wafanyakazi walianzisha namna ya mazoezi ya kiroho ambayo mahali pake hasa palikuwa ndoa, na ambayo kipimo chake kilikuwa jinsi mtu anavyoishi na wale anaokula nao chungu kimoja.

Namna hiyo haieleweki bila kuzitazama kambi zilizoizaa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilitegemea kwa miaka mingi vibarua wa mikataba mifupi, wengi wao wakiwa wamewaacha wake zao vijijini. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, ikabadili sera na kuwahimiza wafanyakazi kukaa na familia zao karibu na migodi, ikiwapa nyumba, posho ya chakula na hospitali, pamoja na shule zilizowekwa mikononi mwa wamisionari. Lengo la kampuni lilikuwa kupata nguvukazi ya kudumu, wala hakuna haja ya kulipamba. Matokeo yake, hata hivyo, yalifika mbali kuliko hesabu za kampuni, kwa kuwa watu waliolelewa ndani ya ukoo, penye shangazi wa kusuluhisha na wajomba wa kuonya, walijikuta ndani ya nyumba ndogo ya kambi, mume na mke wakitazamana, bila mzee wa kuwaamulia na bila lugha ya pamoja na majirani isipokuwa Kiswahili. Wengi wao walikuwa wamebatizwa na kujua katekisimu kwa moyo, yaani maswali na majibu ya imani waliyofundishwa shuleni, lakini katekisimu haikuwaambia la kufanya na ukimya uliokuwa ukikua kati yao wawili.

Ndipo alipoingia Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyezaliwa mwaka 1906 na kufika Kongo mwaka 1933, akafanya kazi kwa miaka mingi vijijini miongoni mwa Waluba. Kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1945 katika mji wa Elisabethville, ambao leo unaitwa Lubumbashi, kilimletea sifa ugenini na matatizo kwa wakubwa wake, naye akakaa Ubelgiji miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurejea. Mwaka 1953, akiwa padri wa wafanyakazi huko Kolwezi, katika kambi ya Musonoi, alianza kukutana na kikundi kidogo cha watu wa ndoa, na kutokana na mikutano hiyo likazaliwa shirika lililojiita Jamaa. Katika maandishi yake ya baadaye, yaliyochapishwa mwaka 1962, Tempels alieleza kwamba alikuja Afrika kama mwalimu mwenye majibu, na kwamba Ukristo ulianza kuwa hai kwake na kwa waumini wake siku alipoanza kusikiliza yale waliyokuwa wakiyatamani. Ungamo hilo la mmisionari wa zama za ukoloni halipaswi kupitwa haraka, kwa sababu kusikiliza, ambako watu hukuchukulia kuwa tabia njema tu, kwake kulikuwa zoezi la kiroho lililompindua.

Mafundisho ya Jamaa yalizunguka mambo matatu yaliyotajwa daima kwa pamoja: uzima, uzazi na mapendo. Uzima ulimaanisha nguvu ya mtu mzima anayejua kuwa anatoka kwa Mungu. Mapendo yalimaanisha umoja usiobakiza siri kati ya mtu na mwenzake. Nao uzazi haukuhesabiwa kwa watoto wa mwili peke yao, kwa kuwa mume na mke walioiongoza familia nyingine mpaka ikaingia katika maisha hayo walihesabiwa kuwa baba na mama yake, na hao nao wakawazaa wengine. Wanajamaa waliitana Baba na Mama kwa maana hiyo ya dhati. Hapa ndipo hekima ya jambo zima ilipo: watu waliokuwa wameng'olewa katika koo zao walijipatia ukoo mpya, wenye wazee wa kuwaonya na wadogo wa kuwatunza, si kwa damu wala kwa amri ya kampuni, bali kwa njia ya sala na mazungumzo.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mzito kuliko unavyoonekana ukisimuliwa. Kulikuwa na mikutano ya mara kwa mara iliyoitwa mafundisho, ambamo neno moja la imani lilifafanuliwa kwa maswali na majibu mpaka kila mtu aone linavyogusa nyumba yake, na kulikuwa na hatua za kuingia, zilizoitwa njia, ya kwanza, ya pili na ya tatu, ambazo mume na mke walizipita pamoja. Kati ya mkutano na mkutano ndipo kazi ngumu ilipofanyika, maana wawili hao walitakiwa kufunuliana mawazo yao, yaani yale yaliyo ndani kabisa ya moyo, hofu, tamaa na kinyongo, pasipo kungoja ugomvi uyatoe kwa nguvu. Kwa mwanamume aliyezoea kuamini kwamba mshahara wake, marafiki wake na safari zake za jioni havimhusu mkewe, kuketi na kusema wazi mbele yake kulikuwa kufunga kwa namna yake, pengine kufunga kugumu kuliko kuacha nyama wakati wa Kwaresima.

Anayeijua historia ya Kanisa ataona kwamba Musonoi haikuwa kisiwa. Katika jangwa la Misri, karne ya 4, wamonaki walikuwa na desturi ya kumfunulia mzee wao mawazo yaliyowasumbua, na mwandishi Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399, aliyapanga mawazo hayo katika mafungu 8 ili mtu ayatambue yanapokuja. Ignatius wa Loyola, ambaye kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilipata idhini ya Papa Paulo wa III mwaka 1548, aliwafundisha wafuasi wake kuipitia siku yao saa kwa saa na kutambua ni wapi walimfuata Mungu na ni wapi walimkimbia. John Wesley, katika miaka ya 1740 huko Uingereza, aliwagawa Wamethodisti katika vikundi vidogo vya kila juma vilivyoulizana hali ya roho zao. Tofauti ya Jamaa ni kwamba ilimweka mwenzi wa ndoa mahali pa mzee wa jangwani, na badiliko hilo si dogo. Mzee aliyasikia yale tu ambayo mwanafunzi alichagua kumwambia. Mke ameyaona mwenyewe tangu alfajiri, na mbele yake uchaji wa maneno matupu hauna pa kujificha.

Haifai kuficha kwamba njia hiyo ilikuwa na hatari zake. Hatua zinazopandwa huzaa watu wanaojiona wako juu. Mafundisho ya ndani huzaa siri, na siri huzaa uvumi. Ndoto, ambazo Jamaa ilizipa uzito mkubwa, zinaweza kumsemea Mungu au kumsemea mwotaji mwenyewe. Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, ambako alifariki mwaka 1977, na katika miaka ya 1970 maaskofu waliwawekea wanajamaa masharti makali ili wabaki chini ya uongozi wa mapadri wao, jambo ambalo wengine walilitii na wengine likawatenga na Kanisa. Maaskofu walikuwa na sababu. Hata hivyo, hasara ingekuwa kubwa kama hofu ya makosa hayo ingewafanya Wakristo wa leo wasahau kwamba walei, yaani waamini wasio mapadri wala watawa, waliweza kujijengea wenyewe, kwa Kiswahili chao, utaratibu wa kiroho wenye kina.

Kolwezi ya leo, makao makuu ya mkoa wa Lualaba tangu mwaka 2015, si ile ya kambi. Kampuni ya kikoloni ilitaifishwa, ikawa Gécamines, kisha migodi mingi ikaingia mikononi mwa makampuni ya kigeni, na karibu na mashimo makubwa kama Mashamba na KOV maelfu ya wachimbaji wa mikono hutafuta shaba na kobalti bila posho ya chakula wala hospitali ya kampuni. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, lakini anayeichimba hana hakika ya kesho, na Juni 2019, ukingo wa mgodi wa KOV ulipoporomoka, zaidi ya wachimbaji 30 walikufa kwa mara moja. Penye hatari kama hiyo, mtu hushawishika kuigeuza sala kuwa kinga: kufunga siku tatu ili udongo usimwangukie, kukesha ili akute mkanda wenye madini mengi, kuvaa msalaba kama wengine wanavyovaa hirizi. Kumlaumu mtu anayeshuka gizani ni rahisi kwa aliyeketi juu, na ombi la kulindwa ni ombi halali kabisa. Lakini zoezi la kiroho hutofautiana na kinga kwa kuwa halimwahidi mtu kitakachotokea mgodini, bali humfanyia kazi yeye mwenyewe, awe wa kuaminika kwa mwenzake aliyeishika kamba huko juu.

Kuchunguza dhamiri nako hakuna budi kuingia mahali panapotoka fedha. Wachimbaji wamelalamika kwa muda mrefu kwamba kwenye vituo vya kuuzia madini mizani na kipimo cha ubora viko mikononi mwa mnunuzi, na muuzaji hana njia ya kuvihakiki. Mnunuzi anayesali rozari kila jioni, na hajawahi kuuliza mbele za Mungu juu ya mizani yake, hajaianza bado sala ya jioni, na vivyo hivyo mhubiri anayepokea zaka yake bila swali. Masista wa Mchungaji Mwema, waliofika Kolwezi mwaka 2012, wameonyesha upande wa pili wa jambo hilo, kwa kuwa huduma yao kwa watoto na wanawake wanaotaka kuacha kazi za mgodini, kwa shule na kwa kilimo, inatokana na sala ileile ya kila siku.

Linalobaki kuwa gumu zaidi ni ndoa zilizotenganishwa na kazi, maana baadhi ya migodi mikubwa hulaza wafanyakazi wake kambini kwa majuma kadhaa mfululizo, na wachimbaji wa mikono nao huhama wakifuata tetesi za madini, kwa hiyo mume na mke wamerudi katika hali ileile ya vibarua wa kabla ya Union Minière kubadili sera yake. Kwa watu hao fundisho la Musonoi linawezekana bado, ingawa kwa umbo jingine: saa ya usiku iliyokubaliwa na wote wawili, simu badala ya kuketi pamoja mkekani, sala fupi, kisha kila mmoja aseme wazo moja la kweli la siku hiyo, hata kama ni la aibu, kabla ya kuzungumzia karo na unga. Parokia na makanisa ya Lualaba, ambayo huwaandaa wachumba kwa ajili ya siku ya harusi, yangefanya vema kuwafundisha pia jinsi ya kuzungumza hivyo, na kazi hiyo ingewafaa zaidi wazee waliokwisha kuishi katika ndoa kwa miaka mingi, kwa sababu wao wanajua ni mwaka gani wa ndoa mtu huanza kuficha.