Karatasi zenye zilifunga macho ya radari

Sisi watu wa mine tunajua hii: mu shimo yenye vumbi nyingi, ukiwasha taa ya nguvu, hauone ukuta. Taa inapiga vumbi, mwangaza unakurudilia mu macho. Radari ya vita nayo inapofuka vile vile.

Radari inatuma mawimbi ya redio. Yakigonga ndege yanarudi, na mwenye kuangalia mashini anajua ndege iko wapi. Mu vita ya pili ya dunia, Wajerumani walikuwa na radari yenye jina Würzburg kwa kuongoza mizinga na ndege zao za usiku. Ndege nyingi za Uingereza zilianguka. Ndani ya Lancaster moja mulikuwa watu 7, wengi wao vijana.

Dawa ilikuwa ya bei rahisi: vipande vya karatasi vyenye kupakwa aluminiamu, urefu sentimeta 27 hivi. Juu ya nini 27? Wimbi la Würzburg lilikuwa na sentimeta 53, na kipande cha nusu yake njo kinarudisha wimbi kwa nguvu.

Lakini Waingereza walificha ile dawa zaidi ya mwaka moja. Waliogopa adui ataiga. Kumbe Wajerumani nao walikuwa nayo, waliiita Düppel, na waliificha kwa woga ule ule! Huku vijana waliendelea kufa.

Mu Julai 1943 Churchill alikubali. Usiku wa tarehe 24, ndege 791 zilienda ku Hamburg, na njiani zikatupa mafungu ya karatasi, dakika kwa dakika. Mu radari, mbingu ilijaa ndege za uongo. Taa kubwa za Wajerumani zilizunguka ovyo, mizinga ilipiga bila kuona. Ndege 12 tu hazikurudi. Mbele ya pale, ku Hamburg, mu ndege 100 karibu 6 zilikuwa zinapotea.

Kwa wale vijana ilikuwa uzima. Kwa watu wa chini ilikuwa kifo. Usiku wa tarehe 27 ndege zilirudi, moto ukashika mitaa mizima. Mu siku zile watu zaidi ya 30,000 walikufa, raia, wamama na watoto.

Na ujanja haukudumu. Wajerumani walileta SN-2, radari ya wimbi refu, yenye vipande vya 27 havikuisumbua. Usiku wa 30 Machi 1944, ku Nuremberg, ndege 95 za Uingereza hazikurudi.

Ata leo ndege za vita zinatupa nyuzi za kioo zenye aluminiamu, na zingine zinabeba mashini ya kutuma mawimbi ya uongo. Wenye radari nao wanabadilisha wimbi. Tunaona hivi: vumbi inafunika macho saa kidogo tu, kisha inashuka. Wenye walikufa, wao hawarudi.