Sumu ya Panya na Hatari Yake kwa Paka
Paka akiondoka, panya hutawala. Hata hivyo, sumu iliyotegewa panya huweza kumwangamiza paka mwenyewe. Baadhi hula chambo, na wengine hula panya aliyekwisha kulegezwa na sumu, kwa kuwa hukamatika kwa urahisi.

Sumu zinazozuia damu kuganda hudhoofisha kazi ya vitamini K mwilini. Dalili hujitokeza baada ya siku kadhaa: unyonge, fizi kupauka, kuhema kwa shida na kutokwa damu. Paka akiwahishwa, hutibiwa kwa vitamini K1 kwa wiki kadhaa. Fosfidi ya zinki, ambayo ni unga wa rangi ya kijivu iliyokoza, hutoa gesi ya sumu tumboni. Hiyo huweza kuua ndani ya saa chache, wala haina kiuasumu.

Kwa hiyo, mwenye paka asingoje dalili. Amfikishe mara moja kwa daktari wa mifugo, au amwite afisa mifugo wa kata, akiwa na pakiti ya sumu, kwani tiba hutegemea aina yake. Maziwa hayaondoi sumu. Chambo kiwekwe katika kisanduku chenye tundu dogo, na mizoga ya panya ifukiwe kila asubuhi.