MANCHESTER UNITED: NANI ALIKULA, NANI ANALIPA?

Mpira ukiisha, ubishi huanza. Klabu ya Manchester United ya Uingereza, yenye mashabiki wengi hata katika nchi zetu, imeleta ubishi mrefu kuliko timu nyingi. Shabiki mmoja atasema: wenye klabu, familia ya Glazer kutoka Marekani, ni wanyonyaji, wameikausha timu. Mwenzake atajibu: mnyonyaji gani huyo aliyenunua mchezaji mmoja, Paul Pogba, kwa pauni milioni 89 mwaka 2016? Timu imeuawa na makocha na wachezaji wavivu!

Wote wawili wana hoja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, badala ya kupigiana kelele, tuitazame hesabu yenyewe.

KLABU ILIYOZALIWA KARAKANANI

Klabu hii haikuanzishwa na tajiri. Mwaka 1878 wafanyakazi wa reli, watengenezaji wa mabehewa katika karakana ya Newton Heath mjini Manchester, waliunda timu yao. Rangi zao zilikuwa kijani na dhahabu. Mwaka 1902 madeni yalikaribia kuimaliza. Hapo ndipo mwenye kiwanda cha pombe, John Henry Davies, alipoingia na fedha zake, na jina likageuzwa kuwa Manchester United. Ni yeye pia aliyegharamia uwanja wa Old Trafford uliofunguliwa mwaka 1910.

Tunamtaja Davies kwa sababu moja. Alikuwa tajiri, naye alikuwa na faida zake, lakini alipoingia klabuni alileta fedha. Sasa tuone walioingia baadaye.

KUNUNUA KWA JASHO LA ANAYENUNULIWA

Mwaka 1991 hisa za klabu zilianza kuuzwa katika soko la hisa la London. Kuanzia mwaka 2003 Malcolm Glazer, tajiri wa Marekani, alizinunua kidogo kidogo, na Mei 2005 akaishika klabu. Thamani yote ilikuwa kiasi cha pauni milioni 790. Wenye hisa wakubwa walimuuzia wakapata faida yao. Mashabiki waliokuwa na hisa chache walilazimika kuzitoa, maana sheria humruhusu aliyekwisha kupata hisa karibu zote kuchukua na zilizobaki.

Lakini fedha ya kununulia ilitoka wapi? Zaidi ya pauni milioni 500 zilikuwa za mkopo, na sehemu kubwa ya mkopo huo iliwekewa dhamana mali ya klabu yenyewe. Klabu ambayo jana yake haikuwa na deni iliamka ikiwa na mzigo wa kulipa riba.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mtu anataka mashine ya kusaga unga ya kijiji, lakini hana fedha za kutosha. Anakwenda benki, anakopa kwa kuiweka rehani mashine ile ile, kisha riba inalipwa kwa senti za akina mama wanaoleta mahindi. Mashine ikiharibika, fundi anaambiwa hakuna fedha ya vipuri. Sheria haikuvunjwa. Lakini ukiuliza nani ameinunua mashine ile, jibu la kweli ni akina mama wa mahindi.

Ndivyo ilivyokuwa Old Trafford. Kwa miaka mingi riba, gawio na ada vilitoka klabuni, na waliochunguza mahesabu wamekadiria kwamba jumla yake imepita pauni bilioni 1. Uwanja nao ukachakaa. Mei 2024, baada ya mchezo na Arsenal, mvua kubwa ilinyesha na maji yakamwagika kutoka kwenye paa juu ya viti vya watazamaji.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Hata hivyo, tusimnyime haki yule shabiki wa pili. Chini ya familia hiyo hiyo timu ilichukua ubingwa wa Uingereza mwaka 2007, 2008, 2009, 2011 na 2013, na ubingwa wa klabu za Ulaya mwaka 2008. Deni lilikuwapo, lakini kocha Alex Ferguson alikuwapo pia, na kazi yake iliufunika ufa. Alipostaafu mwaka 2013, ufa ukaonekana.

Tangu hapo klabu imetumia zaidi ya pauni bilioni 1 kununua wachezaji, na haijapata tena ubingwa wa ligi. Pogba aliondoka bure mwaka 2022. Antony, aliyenunuliwa mwaka huo huo kwa zaidi ya pauni milioni 80, aliuzwa mwaka 2025 kwa karibu robo ya fedha hiyo. Walipita Moyes, van Gaal, Mourinho, Solskjær, ten Hag na Amorim. Kila kocha alitaka wachezaji wa namna yake, na aliyemfuata akawakuta hawamfai. Msimu wa 2024/25 timu ilimaliza ya 15 katika ligi, ikashindwa na Tottenham bao 1 kwa 0 katika fainali ya Kombe la Europa.

Basi si kweli kwamba fedha hazikutumika. Zilitumika, tena nyingi. Lakini zilikuwa za nani? Zilikuwa za viingilio, televisheni, matangazo na mauzo ya jezi. Na nani aliwateua waliozitumia vibaya? Kuanzia mwaka 2013 hadi 2022 aliyeendesha klabu kwa niaba ya wenyewe alikuwa Ed Woodward, mtu wa benki aliyesaidia katika ununuzi wa mwaka 2005. Kocha ana kosa lake na mchezaji ana lake. Lakini mwenye mamlaka ya kuajiri na kufukuza hawezi kunawa mikono.

BILI YAPELEKWA JIKONI

Februari 2024 tajiri wa Kiingereza, Jim Ratcliffe, alinunua zaidi ya robo ya hisa na kukabidhiwa uendeshaji wa kandanda. Wengi walishangilia. Mwaka huo huo wafanyakazi wapatao 250 walipoteza kazi. Mapema mwaka 2025 likatangazwa punguzo jingine la kati ya watu 150 na 200. Chakula cha mchana cha bure kwa wafanyakazi wa Old Trafford kikafutwa. Bei ya tiketi zilizobaki ikafanywa pauni 66, mzee na mtoto sawasawa.

Wakati huo huo kocha ten Hag, aliyeongezewa mkataba Julai 2024, alifukuzwa Oktoba. Mkurugenzi Dan Ashworth aliondoka baada ya miezi mitano. Mabadiliko ya watu wa juu hao yaligharimu zaidi ya pauni milioni 14.

Ndugu mfanyakazi wa kiwanda au shamba, hapa huhitaji mkalimani. Mpishi, karani na mfagiaji hawakumnunua Antony. Hawakukopa kwa jina la klabu. Lakini ilipotafutwa fedha ya kuziba pengo, sahani yao ndiyo iliyoondolewa mezani kwanza.

WALIOJENGA YA KWAO

Mashabiki hawakukaa kimya. Mwaka 2010 walivaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za wale watu wa reli. Mei 2021 waliingia uwanjani kwa nguvu na mchezo na Liverpool ukaahirishwa. Wengine walikuwa wameondoka tangu 2005 wakaunda klabu yao, FC United of Manchester, ambamo kila mwanachama ana kura moja, awe na kingi au kidogo. Mwaka 2015 walifungua uwanja wao mtaa wa Moston, si mbali na Newton Heath. Klabu hiyo ni ndogo, inacheza ligi za chini, na imekuwa na magomvi yake ya ndani. Lakini wanachama wake wana haki ya kuuliza hesabu na kujibiwa.

Kwa hiyo ubishi utakapowaka tena, tusiishie kuuliza tajiri ametumia kiasi gani. Tuulize maswali matatu: fedha hiyo ni ya nani, nani aliamua itumikeje, na hasara ikija nani atakatwa? Maswali hayo hufaa uwanjani. Hufaa pia kiwandani, siku mwajiri atakaposema kwamba mwaka umekuwa mbaya.