Usawa kati ya nchi kubwa na ndogo katika Michezo ya Olimpiki

Usawa kati ya nchi kubwa na ndogo katika Michezo ya Olimpiki ni suala la kuzipa nchi zote nafasi ya haki ya kushindana, ingawa zinatofautiana sana kwa idadi ya watu na utajiri. Mkataba wa Olimpiki unasema kwamba mashindano ni kati ya wanamichezo, si kati ya nchi. Hata hivyo, wanamichezo huandikishwa na kamati za Olimpiki za nchi zao, kwa hiyo uraia una uzito mkubwa.

Kikomo cha washiriki

Katika riadha, kila nchi inaruhusiwa kupeleka wanamichezo wasiozidi watatu katika shindano moja la mtu binafsi. Katika tenisi ya meza, China ilitwaa medali zote za mchezaji mmojammoja mwaka 2008 huko Beijing. Baadaye kikomo kilipunguzwa kutoka watatu hadi wawili.

Kikomo hicho huwaumiza wanamichezo wa nchi zenye vipaji vingi. Nchini Kenya, mkimbiaji anaweza kuwa miongoni mwa bora duniani na bado akabaki nyumbani. Baadhi yao hubadili uraia. Stephen Cherono alihamia Qatar mwaka 2003, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hakushiriki Olimpiki ya 2004 kwa sababu Kenya haikutoa idhini. Wakenya watatu walitwaa medali zote za mbio hizo.

Nafasi maalumu

Nchi ambazo wanamichezo wao hawakufikia viwango hupewa nafasi chache katika michezo kama riadha na kuogelea. Kwa njia hiyo Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 huko Sydney mwaka 2000, akatumia dakika 1 na sekunde 52.72. Alikuwa amejifunza kuogelea kwa miezi michache tu.

Wapinzani husema nafasi hizo huwanyima walio bora zaidi. Watetezi hujibu kwamba bila hizo nchi nyingi zisingeonekana kabisa.

Hesabu ya medali

Kwa kawaida nchi hupangwa kwa idadi ya medali za dhahabu, jambo linalozipendelea nchi kubwa. Kugawanya medali kwa idadi ya watu huzipendelea nchi ndogo: katika Olimpiki ya Tokyo, San Marino yenye watu takriban 34,000 ilipata medali 3, na Uhindi yenye zaidi ya bilioni 1.3 ilipata 7.

Udogo wa nchi hauzuii ushindi. Mwaka 2024 huko Paris, Julien Alfred wa Saint Lucia alishinda mita 100 na Thea LaFond wa Dominika alishinda kuruka mara tatu. Hizo zilikuwa medali za kwanza za Olimpiki kwa nchi zao.