Kamera yako ya zamani inakosa fokasi? Kabla hujanunua nyingine, fanya kipimo cha chupa tatu

Leo naongea na wenye studio ndogo na wanaopiga picha za sherehe. Kama kamera yako imezeeka na siku hizi sura za watu zinatoka hazijakaza, soma mpaka mwisho. Inaweza kukuokolea mtaji.

Mimi nina duka hapa Bukoba mjini. Napiga picha za pasipoti, natoa fotokopi, na wikiendi naenda kwenye sherehe. Kamera niliinunua ikiwa imeshatumika. Miaka miwili haikunisumbua. Baadaye picha moja moja zikaanza kutoka laini, nikasema labda ni mkono wangu.

Halafu nikapiga sendoff moja kule Muleba. Usiku nimekaa kwenye kompyuta nakuza picha, naona pazia nyuma ya bibi harusi linaonekana mpaka nyuzi, lakini macho yake hayaeleweki. Sio picha moja, ni karibu nusu ya kazi.

Mama wa binti alikuja dukani kuzichukua. Hakupiga kelele. Alizipitia moja moja akaniambia, "Mwanangu, hii siku hairudi." Salio hakunipa, na mimi sikuwa na uso wa kulidai.

Kesho yake nikatoa hela ya karatasi na wino, nikataka kuitanguliza kwa jamaa mmoja anayeuza kamera. Bahati nzuri jamaa alikuwa amesafiri. Siku zile za kumsubiri ndo nikakaa na kamera yangu nikajifunza haya.

KAMERA INATAFUTAJE FOKASI?

Kamera zetu nyingi ni DSLR, zile zenye kioo ndani. Mwanga ukiingia kwenye lenzi unakutana na kioo kikubwa. Mwingi unapanda juu kwenye tundu unalochungulia. Kidogo kinapenya kwenye kioo hicho, kinagonga kioo kidogo nyuma yake, kisha kinashuka chini kwenye sensa ya fokasi. Hiyo ndo inaiambia lenzi izunguke mpaka wapi.

Lakini picha yenyewe inachukuliwa na sensa nyingine kubwa iliyo nyuma. Kwa hiyo mwanga una njia mbili, na lazima ziwe na urefu sawa kabisa. Kioo kinapanda na kushuka kila unapobonyeza. Harusi ya picha 500 ni mara 500. Miaka ikipita, au kamera ikidondoka, kioo kinaweza kukaa tofauti kidogo tu. Kamera inaamini imempata mtu, kumbe imepata pazia.

Ukipiga kwa kutazama skrini ya nyuma, kioo kinakuwa kimenyanyuka na sensa kubwa inatafuta fokasi yenyewe. Njia inabaki moja. Kipimo chetu kinatumia tofauti hiyo.

KWANZA ONDOA MAKOSA YA BURE

1. Angalia swichi ya lenzi. Iwe AF, sio MF. Usicheke, imeshatokea kwa wengi.

2. Pembeni ya tundu la kuchungulia kuna kigurudumu kidogo. Kinarekebisha jicho lako tu, hakigusi picha. Kikisogea utaona ukungu wakati picha ziko safi.

3. Chagua nukta moja ya fokasi, ile ya katikati. Ukiiachia kamera ichague, mara nyingi inakamata kilicho karibu zaidi, kama maua ya mezani.

4. Ongeza spidi ya shata. Kwa watu wanaocheza usishuke chini ya 1/125, na wakiruka panda zaidi. Kama vitu vilivyotulia viko safi na mtu tu ndo kavutika, hilo sio kosa la fokasi. Mtu amesogea.

5. Chaji betri ijae. Kisha zima kamera, toa lenzi, futa vile vidoti vya dhahabu kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi. Vikichafuka, lenzi na kamera hazielewani vizuri. Kioo cha ndani usikiguse kabisa, hata kwa pamba.

KIPIMO CHENYEWE

Panga chupa tatu za soda mezani kwa mshazari: moja mbele, moja katikati, moja nyuma, zipishane kama upana wa kiganja. Fanya mchana, karibu na dirisha. Kamera iweke kwenye stendi, au juu ya vitabu. Fungua lenzi mpaka namba yake ndogo kabisa, kama f/1.8 au f/3.5.

Chungulia kwenye tundu, lenga lebo ya chupa ya katikati, piga picha tano. Kabla ya kila picha vuruga fokasi kwanza ili kamera itafute upya. Halafu washa skrini ya nyuma, lenga lebo ileile, piga tano nyingine. Kuza zote kwenye kompyuta.

SASA SOMA MAJIBU

Skrini safi, tundu linakosea kila mara upande uleule: njia mbili za mwanga hazilingani. Jaribu lenzi ya pili. Ikikosea moja tu, shida ni namna lenzi hiyo inavyoelewana na kamera. Zikikosea zote, shida iko kwenye kamera. Baadhi ya kamera unarekebisha mwenyewe kwenye menyu. Kwenye Nikon kama D7000 na D7100 tafuta AF Fine-tune. Kwenye Canon kama 7D na 70D tafuta AF Microadjustment. Ndogo kama D3200 na 700D hazina, zinahitaji fundi.

Tundu linakosea ovyo, mara mbele mara nyuma: shuku vidoti, mota ya lenzi iliyochoka au mwanga hafifu. Jaribu lenzi ya kuazima kabla hujalipa mtu.

Zote mbili zina ukungu: angalia lenzi. Imulike kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi.

Na sisi wa Bukoba fangasi ni jirani yetu. Tuko kando ya Ziwa Victoria na mvua zetu ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Usifungie kamera kwenye begi lenye unyevu. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mchele usiweke, una vumbi.

YANGU ILIKUWA NINI?

Skrini safi, tundu linakosea kwa nyuma, lenzi zote mbili. Hapo nikaelewa kwa nini picha za pasipoti hazikunishtua. Studio nina taa na napiga f/8, eneo linaloonekana safi ni refu, kosa linajificha. Kwenye sendoff mwanga hafifu, nimefungua lenzi yote, kosa likatoka hadharani.

Kamera yangu haina ile menyu. Nikaendelea kupiga pasipoti kwa skrini huku nachanga, kisha nikaipeleka kwa fundi wa kamera Mwanza. Aliweka sawa mkao wa kioo kidogo kwa elfu arobaini. Kutanguliza tu ile kamera nyingine ilikuwa laki mbili.

Hela imerudi. Ile siku ya yule mama haijarudi. Kama ningepanga chupa tatu wiki moja kabla, angekuwa na picha ya macho ya mwanae.

Kwa hiyo usisubiri mteja akuonyeshe kosa. Mimi sasa napanga chupa kila kabla ya sherehe kubwa, dakika kumi tu. Wewe kamera yako umeipima lini mara ya mwisho? Fanya kesho asubuhi kabla wateja hawajaja, uniambie chupa ipi imetoka safi.