Usianze na rangi: kazi za nyumbani za kumaliza kabla ya masika



Mwezi huu wa Februari maswali mengi ninayopata ni ya mbegu na mbolea. Nipande mbegu gani, mbolea ya kupandia mifuko mingapi kwa eka, viwavijeshi vamizi nipulize nini. Hayo tutayafikia. Leo nataka tubaki nyumbani kwako: kwenye paa, stoo, mfereji wa maji, banda la kuku na lile lundo la takataka nyuma ya jiko.

Kipindi hiki nikizunguka vitongoji vya Kerenge naona vijana waliouza mahindi au maharage ya vuli wakikarabati nyumba. Ni jambo jema, mtu akipata hela aboreshe makazi yake. Shida ni mpangilio. Wengi wanaanza na rangi ya ukuta wa mbele, ule unaoonekana barabarani, halafu hela inaisha. Bati linalovuja juu ya stoo linabaki vilevile. Masika inaingia, rangi inababuka, na gunia la chini limeshaota ukungu.

Ninachotaka ukumbuke leo ni kimoja: kwa mkulima wa biashara, nyumba ni sehemu ya shamba. Hapo ndipo ghala lako, maji yako, mifugo yako na nguvukazi yako ilipo. Faida uliyohangaikia shambani miezi mitano inaweza kupotea uwanjani kwako kwa wiki tatu za mvua.

Kwa nini sasa

Huku kwetu tuna misimu miwili ya mvua. Vuli ni Oktoba hadi Desemba, masika ni Machi hadi Mei. Mahindi ya vuli tunayavuna Januari na Februari, kwa hiyo yanaingia stoo wiki chache tu kabla ya mvua kubwa. Angalia hatari ilipo: nafaka mpya ambayo bado ina unyevu inawekwa kwenye chumba ambacho paa lake halijakaguliwa tangu mwaka jana.

Chukua mfano wa kijana mwenye magunia 20 ya kilo 100. Hataki kuuza sasa, anasubiri bei ipande. Uamuzi mzuri. Lakini kila gunia likipoteza kilo 10 kwa wadudu, panya na kuoza, amepoteza kilo 200, yaani magunia 2 mazima. Hela ya magunia 2 ingetosha kununua misumari ya bati na mambo mengine mengi.

Sasa twende kwenye kazi, kwa mpangilio wake.

1. Paa

Ingia ndani mchana jua likiwa kali, funga mlango na madirisha, tazama juu. Palipo na tundu utaona mwanga. Weka alama kwa chaki au mkaa kwenye mbao iliyo karibu. Angalia pia madoa ya maji kwenye kenchi na ukutani, kwa sababu maji huingia sehemu moja na kudondokea nyingine.

Sehemu zinazovuja sana ni kwenye misumari iliyolegea, kwenye kofia, na pale mabati yanapopandana. Msumari uliolegea ung'oe na upige mwingine wenye mpira. Kama mbao iliyo chini imeoza, kupiga msumari mpya hakusaidii, badilisha mbao kwanza. Ukipanda juu, kanyaga kwenye mistari ya misumari ambako kuna mbao chini, na mtu ashike ngazi.

Matawi ya mwembe au mfenesi yanayogusa paa yapunguze. Yanaangusha majani yanayoziba njia ya maji, na ni daraja la panya.

2. Stoo

Hii ndiyo kazi yenye hela nyingi, tuipe nafasi.

Toa kila kitu nje. Fagia sakafu, kuta na juu ya kenchi. Mabaki ya mahindi ya msimu uliopita usiyaache hata kidogo: punje zilizo kwenye nyufa, magunzi na magunia ya zamani. Wadudu wa msimu mpya wanatoka humo. Magunia unayotaka kuyatumia tena yakung'ute, yachemshe, yaanike juani. Yaliyotoboka yaache.

Dumuzi ana tabia ambayo wengi hawaijui. Huyu mdudu, ambaye wengine wanamwita Skania, asili yake ni Amerika ya Kati na aligunduliwa hapa Tanzania upande wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anatoboa mbao kavu pia. Kwa hiyo unaweza kusafisha nafaka yote, yeye akabaki kwenye nguzo za kihenge au mbao za dari ya jikoni, akisubiri. Ukiona matundu madogo ya mviringo na unga mwembamba unaodondoka kwenye nguzo, badilisha nguzo hiyo na ile ya zamani itumie kuni haraka.

Ziba nyufa za ukuta na sakafu. Kama ni nyumba ya udongo, udongo uliochanganywa na samadi unatosha. Kama ni ya tofali, piga lipu nyepesi ya saruji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye stoo, ufa ni mlango wa panya, maficho ya fukusi na njia ya unyevu.

Magunia yasikae sakafuni. Tengeneza chaga za mbao au miti, na acha nafasi kati ya magunia na ukuta ili hewa ipite nawe uweze kukagua nyuma. Viuatilifu na mbolea visikae chumba kimoja na chakula, wala chumba cha kulala.

Kabla ya kurudisha mahindi, hakikisha yamekauka. Unyevu unaotakiwa ni asilimia 13 au chini. Kama huna kipimo, tumia njia ya chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, weka konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo, funika, tikisa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, kwa hiyo yape siku nyingine ya jua. Anika juu ya turubai, siyo kwenye udongo.

Msisitizo huu una sababu. Ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu unaweza kutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua takriban watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na wengine wengi waliugua. Sumu hii haiishi kwa kupika, ugali ukiiva na yenyewe imo. Na ile tabia ya kusema "haya yameoza, tuwape kuku" iache kabisa, inaua kuku pia.

Ukishakausha, una njia mbili. Unaweza kuchanganya na dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka iliyosajiliwa na TPHPA, kwa kipimo cha kwenye lebo. Au tumia mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wengi tunaiita kinga njaa. Mifuko hii haihitaji dawa, wadudu wanakufa kwa kukosa hewa. Ila ina masharti mawili: nafaka iwe kavu kweli, na panya wasiwepo, maana tundu moja linaharibu kazi yote.

3. Panya na uwanja

Panya anapenda mahali pa kujificha karibu na chakula. Fyeka nyasi kuzunguka nyumba na stoo, ondoa rundo la mbao, matofali na mabati chakavu yaliyoegemezwa ukutani. Ukihitaji kuyatunza, yapange mbali na nyumba, juu ya mawe. Utapunguza na nyoka, ambao wengi wanamfuata huyohuyo panya.

Kihenge cha nguzo kiinue mita 1 hivi kutoka chini na uvishe kila nguzo bati lenye umbo la faneli lililogeuzwa. Mabati chakavu yatafaa hapo.

Usafi huu ni wa afya pia. Hapo juu tu kwa majirani zetu wa Lushoto, kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu ya watu waliugua tauni, ugonjwa unaotoka kwa panya kupitia viroboto. Ukiona panya wengi wanakufa ovyo bila sumu, usiwashike kwa mikono, toa taarifa zahanati.

4. Gata na tanki

Paa likishakuwa zima, lifanye likufanyie kazi. Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji.

Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Pima chini kwenye ardhi kufuata ncha za paa, usipime mteremko wa bati. Mvua ya milimita 10 inatoa lita 480. Toa asilimia 20 inayopotea, unabaki na lita 384. Hizo ni bomba 24 za kupulizia za lita 16. Simtanki la lita 1,000 litajaa kwa mvua ya milimita 26 hivi, na siku ya masika huwa tunapata kiasi hicho. Ukifunga gata upande mmoja tu wa paa, gawa kwa mbili.

Kwa anayelima nyanya, hoho au kitalu cha miche, maji hayo yanaokoa safari ngapi za bodaboda na madumu? Piga hesabu mwenyewe.

Gata liwe na mteremko mdogo kuelekea kwenye tanki, kama sentimita 1 kwa kila mita 1. Likilala, maji yanatuama na majani yanaoza humo. Mvua ya kwanza iache imwagike nje, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa tanki ufunike kwa wavu mdogo kuzuia majani na mbu. Maji ya kunywa bado yachemshwe.

Kama hela ya tanki haipo, anza na gata na pipa moja lenye kifuniko. Tanki litafuata msimu ujao.

5. Mifereji na madimbwi

Maji yanayodondoka kutoka kwenye paa yanachimba msingi kidogo kidogo. Panga mawe au kokoto pale yanapodondokea, na chimba mfereji wa kuyapeleka mbali na ukuta. Wenye nyumba kwenye miteremko wachimbe mfereji upande wa juu wa nyumba, ukate maji kabla hayajafika. Maji hayo yaelekeze kwenye migomba, siyo kwa jirani.

Kisha fukia mashimo yanayotuamisha maji, hasa yale ya kufyatulia matofali. Wengi wanafyeka nyasi wakidhani ndiyo wanaua mbu, lakini mbu anazaliwa kwenye maji, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki 1 hadi 2. Makopo, vifuu na matairi ya zamani nayo yanazalisha mbu wa dengi.

Korogwe tunaijua malaria vizuri. Wilaya yetu ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vya majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S. Kwako wewe mkulima, malaria ina bei yake: inakupata Aprili na Mei, palizi ikiwa imepamba moto. Siku 4 kitandani zinatosha magugu kukutangulia.

6. Banda la kuku na takataka

Zoa matandazo yote ya zamani, safisha, paka chokaa, acha banda likauke ndipo uweke matandazo mapya. Ziba panapovuja, kwani matandazo yenye maji yanaleta magonjwa. Chanjo ya kideri ni kila miezi 3, wasiliana na afisa mifugo na mchanjie pamoja na majirani.

Samadi hiyo na majani uliyofagia usichome moto. Rundika kivulini, nyunyizia maji kidogo, funika, pindua kila baada ya wiki mbili tatu. Baada ya miezi kadhaa una mboji ya bustani. Machungwa na maembe yaliyooza chini ya miti usiyaweke humo. Yafukie kwenye shimo la futi 2, la sivyo unafuga nzi wa matunda.

Makopo matupu ya viuatilifu suuza mara 3, maji hayo mimina kwenye bomba la kupulizia, kisha yatoboe. Yasichotee maji wala kuwekea mafuta.

Ratiba

Kazi hizi zinaingia kwenye Jumamosi sita: moja paa, moja stoo, moja uwanja, moja gata, moja mifereji, moja banda na mboji. Kama hela ni ndogo, fuata mpangilio huohuo na uishie ilipoishia. Kufyeka, kufukia, kufagia na kuziba nyufa kwa udongo kunataka jasho tu, hakuna sababu ya kusubiri.

Na rangi? Iweke Julai au Agosti. Kuta zitakuwa zimekauka, rangi itashika, na utakuwa umeshajua kama paa limevuja au la. Zaidi ya hapo, utainunua kwa hela ya mahindi uliyoyatunza.

Ukiwa na swali kuhusu stoo yako au kipimo cha dawa, pita ofisi ya kata, tutapanga siku nije tukague pamoja. Makala ijayo tutazungumzia uchaguzi wa mbegu za masika. Kazi njema.