Kupuliza maji ndani ya turbo: kazi ya wikendi Riruta, na kwa nini methanoli ibaki nje ya ploti

Simama kwa steji ya Riruta Satellite Ijumaa jioni, funga macho, na bado utajua ni gari gani linapita. Subaru haijifichi. Ngurumo yake ikishuka Barabara ya Naivasha kuelekea Kawangware, hata watoto wa nasari wanaitambua. Mapenzi haya si ya jana. Patrick Njiru alikuwa akirusha Subaru kwenye Safari Rally wakati wengi wetu hatujazaliwa, na Colin McRae alishinda mashindano hayo mwaka 1997 akiwa ndani ya Impreza. Leo Impreza na Forester za mtumba kutoka Japani zimejaa kwenye ploti zetu, nyingi zikiwa na turbo.

Sasa turbo ina kisirani kimoja: joto. Kazi yake ni kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, na hewa ikikandamizwa inapata moto. Kama umewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli kisha ukashika pampu, unajua ninachosema. Hewa hiyo moto ikikutana na petroli, mchanganyiko unaweza kulipuka wenyewe kabla ya mwali wa plagi kuufikia. Ndipo unasikia mlio kama kokoto ndani ya mkebe. Hapo injini inanoki, na ukipuuza, pistoni inavunjika na wewe unaanza kupiga simu kutafuta injini nyingine ya mtumba.

Huku kwetu mambo ni magumu zaidi. Riruta iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 20. Turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili ifikishe presha ileile, kwa hivyo hewa inatoka ikiwa moto zaidi. Ongeza kwamba magari mengi ya turbo ya Japani yaliundwa yakinywa petroli ya okteni karibu 100, na supa ya kawaida ya huku haifiki hapo. Halafu ongeza foleni ya Ngong Road. Kwenye Subaru nyingi, intakula, ile rejeta ya kupoza hewa, imekaa juu ya injini kabisa. Ukisimama nusu saa pale Dagoretti Corner, inachomwa kutoka chini kama sufuria. Foleni ikifunguka ukakanyaga mafuta, unaipa injini hewa moto.

Dawa ni kupuliza ukungu wa maji, au maji na methanoli, kwenye njia ya hewa kabla haijaingia injini. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hunyonya takriban kilojuli 2,260 za joto. Methanoli hunyonya kama 1,100, petroli 350 hivi. Wajerumani walitumia mchanganyiko huu kwenye ndege za Messerschmitt Bf 109 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nusu maji nusu methanoli, ili rubani apate nguvu za ziada kwa muda mfupi.

Kabla sijaenda mbali: kile kitufe cha kunyunyiza maji kwenye baadhi ya Impreza STi si mtambo huu. Kile kinamwagia intakula maji kwa nje, kama kuoga. Huu tunaozungumzia unapuliza ndani.

Na ndiyo, inawezekana kuufunga nyumbani. Kampuni kama AEM na Snow Performance za Marekani huuza seti nzima: tangi, pampu, paipu ya nailoni, nozeli, na kidhibiti kinachosoma presha ya turbo. Ukiwa na drili, spana na mtu wa kukushikia tochi, wikendi moja inatosha.

Tangi weka kwenye buti. Lifunge kwa bolti, si kwa kamba ya sisal, kwa sababu lita tano zikianza kuruka kwenye matuta ya Kabiria zitakuvunjia kila kitu. Pampu ikae chini kuliko tangi, kwani pampu hizi husukuma vizuri ila hazipendi kuvuta. Paipu ipitishe chini ya gari mbali na ekzosi, na kila inapopita kwenye bati lenye makali iwekee mpira.

Kazi yenye presha ni nozeli. Inakaa baada ya intakula, kabla ya throto, yaani pale hewa inapoingilia injini. Hapa ndipo vijana hukimbilia drili gari likiwa limefungwa kila kitu, eti watatoboa polepole. Usijaribu. Vumbi la alumini likibaki ndani ya bomba, turbo italipeleka moja kwa moja kwenye silinda na itakuwa imekula msasa. Toa bomba, litoboe ukiwa umelishika mkononi, kata meno ya skrubu, lioshe, likaushe, ndipo urudishe. Kwenye Subaru nafasi kati ya intakula na throto ni finyu mno, kwa hivyo wengi hutoa intakula yote na kumpelekea fundi wa kuchomelea alumini kwa gesi ya agoni aweke kitako cha nozeli kwenye mdomo wa kutokea. Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, hutakosa kuelekezwa kwa mmoja.

Karibu na nozeli weka vali ya kuzuia maji kupita ovyo. Bila vali, maji yanaweza kupenya kwenye njia ya hewa hata pampu ikiwa imezimwa. Maji hayakandamiziki. Yakijaa kwenye silinda, unapowasha gari unaweza kupinda fimbo ya pistoni.

Umeme uvute kutoka kwa betri kupitia fyuzi na rilei, usidandie waya wa redio. Kidhibiti kiseti kianze kupuliza presha ikifika kama nusu ya ile ya juu kabisa, kiende kikiongeza. Kabla ya kufunga nozeli, ichomeke kwenye jagi lenye alama, washa pampu dakika moja, uone imetoa kiasi gani na kama ni ukungu kweli au ni mkojo wa paka. Wengi huanzia kwenye asilimia 10 hadi 15 ya petroli injini inayokula ikiwa imekanyagwa. Ukizidisha, gari litaanza kukatakata kwa sababu plagi zimelowa. Punguza.

Maji yawe ya betri, yale ya chupa. Borehole za mtaani zina madini na nozeli ina tundu dogo kuliko la sindano ya daktari, itaziba. Ile dawa ya kuoshea kioo nayo ina sabuni, iache.

Sasa hapa ndipo watu huvunjwa moyo. Ukifunga huu mtambo ukaacha mengine yote yalivyo, hutasikia maajabu. Injini itapoa, basi. Nguvu zinakuja ukienda kwa mtu wa kompyuta ya gari akuongezee presha ya turbo na kusogeza taiming mbele. Ila siku hiyo umeingia mkataba mpya: injini yako sasa haiwezi kuishi bila yale maji. Tangi likikauka ukiwa umekanyaga kule mteremko wa Mai Mahiu, hakuna wa kukuonya isipokuwa kokoto.

Marekani walijua hivyo mapema. Mwaka 1962 Oldsmobile walitoa gari la turbo kwa jina Jetfire, likiwa na tangi lake la maji na methanoli kutoka kiwandani. Walijua wateja watasahau kujaza, kwa hivyo waliweka vali ya kushusha presha tangi likiisha. Wateja walisahau kweli, gari likawa zito, wakarudi kulalamika. Wengi waliishia kutolewa turbo na kuwekewa kabureta ya kawaida, na kufikia mwisho wa 1963 Jetfire ilikuwa imekwisha. Watu walicheka, lakini mimi naona ile vali ndiyo kitu cha maana zaidi kwenye gari lile. Seti yako ikija na kihisi cha kiwango cha maji, usikiunganishe na taa ya dashibodi peke yake. Kiunganishe kishushe presha ya turbo.

Tuje kwa methanoli, kwa sababu ndiyo kila msee anauliza, na sidai haifanyi kazi. Inafanya. Inanyonya joto, okteni yake ni ya juu, na yenyewe ni mafuta. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu utakuruhusu presha kubwa kuliko maji matupu. Lakini methanoli Kenya ina historia yake, na si ya magari. Novemba 2000, pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 kwenye mitaa ya Mukuru hapa Nairobi. Wengine walibaki hai lakini vipofu. Mei 2014 ikaua tena makumi ya watu Embu, Kiambu na kwingineko. Inafanana na maji, inanukia kama pombe, na vijiko viwili vya chai vinaweza kumtoa mtu macho.

Nina jamaa Kabiria, dereva wa teksi za simu, mwenye Forester ya turbo. Alitaka kununua mtungi wa lita 20. Nilimuuliza angeuweka wapi. Anaishi chumba kimoja, na mlango wake unatazamana na kina mama watatu wanaopikia makaa koridoni. Methanoli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye nyuzijoto 12, na Riruta mchana huwa juu ya hapo karibu kila siku. Moto wake mchana hauonekani. Mtu anaungua na wewe unashangaa anarukia nini. Nje ya ploti hiyohiyo kuna wazee wanaonunua kikombe bila kuuliza kimetoka wapi, na mtungi wa kitu kinachonuka pombe hauwezi kukaa salama kwa kufuli ya shilingi 200.

Jamaa aliweka maji matupu. Si aibu. BMW walipotoa M4 GTS mwaka 2015, gari la kiwandani lenye mtambo huu, waliliwekea tangi la lita tano kwenye buti na wakasema ndani liingie maji yaliyosafishwa tu. Kama BMW walipata walichotaka kwa maji, Forester ya kubeba abiria kwenda Junction itavumilia.

Ikiwa bado umeamua methanoli, basi gereji yenye stoo ya nje, si chumba cha kulala. Nunua iliyochanganywa tayari au kidogo kidogo, vaa glavu na miwani, maana inapita hata kwenye ngozi. Usiihamishie kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano. Andika SUMU kwa rangi nyekundu pande zote za mtungi, na uwaambie majirani wazi ni nini. Na mtu akiimeza, usimngoje aonekane mgonjwa. Methanoli inaweza kumwacha akicheka na kutembea kwa saa 12 hivi, hata zaidi, kabla macho hayajaanza kuona ukungu. Mkimbize hospitali saa hiyohiyo, beba na mtungi, na umwambie daktari neno moja kabla ya mengine yote: methanoli.